Kaa la Moto la Koko Mariana

Mliponiaga pale ofisini Kyeshero mlinipa keki, kitenge na kazi nyingine. Keki tuliila pamoja, kitenge nimeshakishona. Kazi ndiyo hii: eti niwaandikie "hadithi zangu za mafanikio", kila moja ukurasa mmoja, pamoja na picha. Nimerekodi hadithi za watu tangu wengi wenu hamjazaliwa, na sijawahi kukutana na mafanikio yanayoenea katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo nitaandika nitakavyo, na picha hakuna. Nitaandika juu ya hadithi moja ambayo haikuisha, na juu ya mwanamke aliyekuja kutudai mwisho wake siku zangu za mwisho ofisini. Baadhi yenu mlikuwepo nilipomfokea Eritie mbele ya mgeni huyo, mkanong'onezana kwamba uzee umenipanda kichwani. Ili mjue kilichonipanda kichwani, itabidi nianze mbali.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda na mji wetu wa Goma ukafurika mpaka pakakosekana pa kuweka mguu, shule zilifungwa, na darasani kwangu wakalala watu. Madawati yaliishia jikoni, na siwalaumu, kulikuwa na baridi. Redio moja ndogo ilikuwa inatafuta mtu wa kushika mikro ya kurekodia kambini, anayesikia Kiswahili, Kinyarwanda na Kihunde. Mimi nilisikia vyote vitatu, na kushika kitu mkononi nilidhani najua. Siku ya kwanza nilirudi na kaseti iliyojaa upepo.

Aliyeisikiliza ni Muzee Lwanzo, fundi wa sauti, Mnande mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliisikiliza pande zote mbili bila kunitazama. Kisha akavua kaske zake, vile vifuniko vikubwa vya masikioni alivyovizungushia kitambaa kwa sababu sponji ilikuwa imekwisha, akaniambia, "Mama, umerekodi hewa." Asubuhi iliyofuata alinirudisha kambini mwenyewe, akanisimamisha nyuma ya hema moja, akanivalisha kaske na kuniamuru nisikilize. Nikamuuliza nimsikilize nani, maana hapakuwa na mtu anayesema. Akasema nisikilize mahali.

Hiyo ndiyo kazi aliyonifundisha, na ndiyo niliyojaribu kuwafundisha ninyi huku mkichezea simu. Kabla mtu hajafungua kinywa, rekodi kimya cha mahali alipo. Akimaliza, usizime, rekodi kimya tena, kwa sababu ukija kukata na kuunga utahitaji hewa ileile chini ya maneno, la sivyo masikio ya msikilizaji yataangukia shimoni. Na sauti ya asili haikatwi. Unakata nakala. Muzee alikuwa mpole kwa kila kitu duniani isipokuwa hilo. Niliwahi kumwona akimfukuza kijana mzima kwa kurekodi muziki juu ya kaseti ya mahojiano, na kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa dada yake.

Lakini kimya, katika mji huu? Nimekitafuta kimya Goma kama mtu anayetafuta mchele sokoni usiku wa sikukuu. Ukifunga dirisha, jenereta la jirani linaanza. Jenereta likizima, kwaya ya kanisa inajaribu vipaza sauti vyake vipya. Kwaya ikipumzika, inapita chukudu iliyobeba magunia ya makaa, magurudumu yake ya mbao yakigonga mawe ya volkano, na mwenye kuiendesha anapiga mluzi. Na haya ni ya wakati wa amani. Wakati wa vita tulijifunza kusimamisha mazungumzo, kumwacha mgeni ameshika kikombe chake, kungoja mlio uishe, kisha kumwomba aanze tena pale aliposema "basi mume wangu akatoka nje". Nilichoka na kazi hiyo kila siku, na kila siku nikarudi.

Lava iliposhuka mjini ilipita katikati ya ofisi yetu bila kubisha hodi. Muzee Lwanzo alikimbia na sanduku la kaseti kichwani, akaacha viatu. Alitembea peku mpaka upande wa pili wa mpaka, na nilipomkuta huko kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekumbuka kuchukua zile kaske. Nilikuwa nimezikumbuka. Watoto wangu walikuwa nami, sufuria ilikuwa nami, na kaske shingoni. Mume wangu alilisema jambo hilo katika kila ugomvi tangu siku ile.

Kisha ikaja kompyuta, na pamoja nayo miradi. Muzee alikuwa amekwisha kurudi Butembo kuzeeka kwa amani, akaniachia kofia, ambayo siivai, na tabia zake, ambazo nimezivaa mpaka leo. Nitakiri kwamba kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Tulikuwa tunakwenda katika kambi, mtu mzima anasimulia, watoto wanachora, tunapiga picha michoro, tunaunga picha na sauti na maandishi makubwa chini, na hadithi inaingia kwenye kadi ndogo. Kadi inawekwa kwenye kifaa cha mwanga wa jua, na darasa zima chini ya turubai, au bashi kama tunavyosema hapa, linasikiliza huku likifuata maneno kwa macho. Nimewaona watoto ambao hawajawahi kushika kitabu wakijifunza kusoma kwa njia hiyo. Kilichonichosha ni kila kitu kingine. Mradi ulibadilisha jina kila mara wafadhili walipobadilika, nasi tukabadilisha fulana. Na kila hadithi ilitakiwa iwe na "ujumbe". Sungura hakuweza kumdanganya fisi bila kwanza kutupa ujumbe kuhusu chandarua.

Sasa tufike Kibati, kaskazini mwa mji. Vita vilikuwa vimewashusha watu kutoka Masisi na Rutshuru, wakajenga vibanda pande zote za barabara, juu ya mawe makavu yasiyopokea hata kigingi. Niliuliza huko na huko nani anajua kusimulia, na kila mmoja alinionyesha kibanda kilekile: cha Koko Mariana. Koko ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa watu wa ng'ombe, mrefu, mkali, aliyewaacha ng'ombe wake milimani na bado akawalaumu kwa majina kila asubuhi kana kwamba ni wao waliomkimbia. Nilimweleza kazi yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana.

"Mi sisemake hadisi muchana. Muchana ni ya kulima. Mutu mwenye anasema hadisi muchana anaota mapembe."

Nilikuwa nimekua na maneno hayohayo nyumbani kwetu, lakini nilikuwa na dereva aliyekwisha kutazama saa. Nikamuuliza kama amewahi kumwona mtu mwenye mapembe. Akanijibu kwamba hajamwona, kwa sababu hakuna aliyethubutu kujaribu.

Basi nikawa katikati ya sheria mbili. Sheria ya mradi ilisema gari liwe limerudi mjini alasiri, usalama ukiwa mbaya au mzuri. Sheria ya Koko ilisema giza kwanza. Niliandika kwa wakubwa kuomba ruhusa ya kulala Kibati, nikajibiwa kwamba hadithi zinaweza kusimuliwa wakati wowote. Ndipo Eritie, ambaye leo ni mkubwa wa studio na wakati ule alikuwa fundi mpya mwenye nywele nyingi, akasema kama usiku hauji, tuutengeneze. Tukaazima hema la shule, tukatandika juu yake bashi nyeusi, na juu ya bashi mablanketi ya nusu ya kambi. Koko aliingia, akanyoosha mkono mbele ya uso wake kuona kama anauona, akatuonyesha tundu moja la kuziba. Tukaziba. Akaketi. Nikarekodi kimya cha mahali, kadiri watoto wa nje walivyoniruhusu, nikamwambia aanze.

Hakuanza. Aliuliza, "Na mwenye kuitika?"

Alikuwa na haki. Hadithi kwetu haisemwi hewani. Lazima awepo mtu wa kuitika "ee" baada ya kila kipande, ili msimulizi ajue kwamba njia anayopita ina mtu nyuma yake. Nikasema nitaitika mimi. Koko akakataa. "We unasikilizaka juu ya kazi," alisema, na akatuma aitwe Riziki.

Riziki alikuwa mjukuu wake, mtoto mdogo bado, ambaye baba na mama yake walikufa katika kukimbia. Walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Koko. Alikuja anatafuna muwa, akaketi mgongo umeegemea magoti ya bibi yake, na kwa namna alivyoketi nilijua kwamba pale ni mahali pake pa kila siku.

Hadithi ilikuwa hivi. Nyumbani moto umezimika, na msichana anatumwa ng'ambo ya bonde kuomba kaa. Anapewa kaa moja zuri katika kigae. Njiani anakutana na mchungaji anayetaka kuwasha kiko, na moto haunyimwi mtu, basi anammegea. Anakutana na mama aliyejifungua kando ya njia, anammegea. Anakutana na mfinyanzi, anammegea. Na kila akimega, kaa linapungua, na mlima wa nyumbani bado uko mbele. Koko alisimulia bila haraka, kipande, kisha anangoja. "Ee," anaitika Riziki. Kipande kingine, anangoja. "Ee." Ndani ya hema kulikuwa na joto la tanuri ya mikate. Jasho lilinichuruzika mpaka ndani ya kaske, na Eritie alikuwa amefungua shati lote. Kaa likafika ukubwa wa punje ya haragi. Matone ya mvua yakaanza kuanguka. Msichana akainama juu ya kigae.

Koko akangoja. Hakuna aliyeitika. Koko akaita, "Riziki?" Akaita tena, kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Amelala. Basi."

Nikavua kaske, na mimi na Eritie tukaanza kugombana kwa mikono gizani, yeye anataka kumwamsha mtoto, mimi namkataza, na kinasa sauti kinaendelea kwa desturi ya Muzee Lwanzo. Baadaye nilimbembeleza Koko amalizie hata kwa kifupi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kumpikia maiti. Mwenye kuitika akilala, hadithi inalala, na inaamka kesho yake palepale ilipoachwa. "Muye kesho," akatuambia. Tukashusha mablanketi, na nje jua lilikuwa bado kali.

Kesho yake barabara ya kaskazini ilifungwa. Tulisikia mizinga tangu asubuhi, na kufikia mchana Kibati nzima ilikuwa inateremka kwa miguu kuja mjini, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Nilisimama kando ya barabara nikitafuta mwanamke mrefu na mtoto. Nilitafuta tena katika kambi za upande wa Sake, katika makanisa, katika uwanja wa shule. Baadaye sana jirani yao mmoja aliniambia kwamba Koko alikufa msimu wa mvua, na kwamba ndugu walimchukua mtoto kuelekea Rutshuru. Nilirudi ofisini nikalia, na sikujali nani ananiona.

Hapo ndipo makao makuu walipoipenda hadithi. Makao makuu yenyewe yako katika nchi ambayo hata mvua hupanga miadi. Waliandika kwamba sauti ya bibi ni hazina. Lakini ni nani huyo anayesema "ee" kila mara? Aondolewe. Na bibi ananyamaza mno, vimya vipunguzwe. Na hadithi haina mwisho, uongezwe. Na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kipindupindu, ujumbe uwe wa kunawa mikono. Niliwajibu barua ndefu kuliko hii. Niliwaeleza kwamba "ee" ni mlango wa hadithi, na kwamba Koko hatunyamazii, anamngoja mtu. Niliwaomba iishie pale ilipolala. Wakanijibu, "Asante kwa mchango wako." Kuwaeleza ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Basi Eritie akakata nakala. Akatoa "ee" zote, akavuta sentensi zikasogeleana kama watu katika foleni ya maji. Msichana mmoja wa mjini mwenye sauti tamu akasoma mwisho: mvua ikakoma, mtoto akafika nyumbani na moto wake, mama akachemsha maji, wote wakanawa mikono kwa sabuni, wakaishi kwa amani na majirani. Hadithi iliyobeba kaa njia yote ile ikaishia kwenye beseni.

Niliwahi kujaribu zote mbili darasani, siku moja, chini ya bashi moja. Nilipowachezea sauti ya asili, watoto waliitika pamoja na Riziki bila kuambiwa, darasa zima, mpaka mwalimu wa hema la pili akaja kutazama. Nilipowachezea ile iliyokatwa, walifungua vinywa kuitika na Koko akawapitia juu. Wakajaribu tena, akawapitia tena. Wakanyamaza, wakakaa kama wagonjwa wanaongoja dawa. Ripoti ya mradi ilisema watoto walisikiliza kwa utulivu mkubwa.

Na iliyokatwa ndiyo iliyosambaa. Vijana wanaochaji simu mitaani waliinakili kutoka kadi hadi kadi, ikafika Sake, ikafika Kiwanja, ikafika mahali ambapo mradi haujawahi kukanyaga. Sauti ya asili niliiweka nyumbani, katika diski iliyolala ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Mnacheka kopo langu. Mji ulipobadilisha mikono mara hii ya mwisho, mlango wa ofisi ulivunjwa, zikaenda kompyuta, zikaenda betri, likaenda hata pazia. Walituachia bango la kunawa mikono. Kopo langu lilikuwa jikoni kwangu karibu na unga wa muhogo, na hakuna aliyeligusa.

Sasa mgeni. Asubuhi ile alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Alisema anauza haragi soko la Kiwanja, na kwamba alikuwa amepanda pikipiki siku moja, dereva akiwa amefungulia hadithi kwenye simu yake, akasikia bibi yake anasema. Alimwomba dereva asimame. Bibi huyo alikuwa amezikwa mbele ya macho yake. Akaanza kuuliza sauti imetoka wapi, kutoka kwa mwenye simu hadi mwenye kibanda cha kuchaji, mpaka mtu mmoja akamtajia Kyeshero. Nilimtazama shingo, nikamtazama urefu, nikajua kabla hajataja jina.

"Mama, mi nimekuya kutafuta mwisho," alisema Riziki. "Ile ya kunawa mikono si ya Koko. Koko hakukuwa na sabuni. Mi nilikuwaka nalala kila siku mbele ya mwisho. Nikajua machine yenu ilisikia mupaka mwisho. Huyu mutoto wangu nitamwambia nini?"

Eritie, kwa moyo wake mwema, alikimbilia studio akaifungua ile aliyo nayo, katika vipaza sauti vikubwa. Sauti ya Koko Mariana ikajaza chumba. Riziki alishika ukingo wa meza. Kipande cha kwanza kilipoisha, akaitika, "Ee," na Koko alikuwa amekwisha kuanza kipande cha pili. Akaitika tena, haraka zaidi, na akachelewa tena. Mara ya tatu kinywa kilifunguka, kikafungwa. Alinigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Juu ya nini hananingoja? Koko alikuwa ananingojaka."

Ndipo nilipofoka. Nilimwambia Eritie azime takataka hiyo, nikataja makao makuu, nikataja beseni na sabuni, nikasema maneno ambayo mwalimu wa darasa la pili hasemi. Eritie alisema kwa unyonge, "Mama, ni wao waliotuma tukate." Nilijua. Ndiyo maana nilifoka. Kisha nikapanda pikipiki mpaka nyumbani, nikarudi na kopo.

Kabla ya kufungua, nilimwambia Riziki ukweli, kwa sababu amekuja mbali. Nilimwambia kwamba mwisho haupo, haukuwahi kurekodiwa, hadithi ililala alipolala yeye, na kesho yake ilikuwa vita.

"Kumbe ni mi nilikata," alisema.

Nikamwambia asinichokoze. Tulikuwa tumefunika hema kwa mablanketi ya nusu ya kambi saa sita mchana. Hata ng'ombe wa bibi yake angelala. Hakucheka, lakini mabega yalishuka kidogo.

Eritie alifungua faili. Kwanza kimya cha Kibati, kimya changu mbovu kilichojaa watoto, ndoo, mtu anayekohoa. Kisha Koko. Kipande, na anangoja. "Ee," ikaitika sauti ndogo yenye muwa mdomoni. Riziki alifunika uso kwa viganja. Kipande cha pili, na anangoja, na sasa ziliitika sauti mbili, ya mtoto na ya mama mwenye mtoto, na kimya cha Koko kikawatosha wote wawili. Wakaenda hivyo njia yote, kwa mchungaji, kwa mzazi, kwa mfinyanzi. Kaa likawa punje ya haragi. Matone yakaanza. "Ee" ya mtoto ikawa nyepesi, ikawa pumzi tu. Msichana akainama juu ya kigae.

"Riziki?" akaita Koko kwenye vipaza sauti.

Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa analia, hakuweza kujibu. Koko akaita tena kwa sauti ya chini, akasema, "Amelala. Basi." Eritie akanyoosha kidole kuzima, kama tulivyozima hapo kila mara. Nilimpiga mkono. Nilimwambia apandishe sauti, nataka Riziki asikie pumzi yake ya utotoni. Mkia huo nilikuwa nimeuhifadhi miaka yote kama kimya, wa kuunga chini ya maneno, bila kuupandisha. Zikaja sauti za upepo kwenye bashi, mtu anayetwanga mbali, blanketi linalovutwa. Na chini ya hayo, wakati ule mimi na Eritie tulipokuwa tunagombana kwa mikono gizani, Koko alikuwa anamnong'oneza mtu aliyelala.

"Lala, mama yangu. Kesho utanikumbusha pahali tumefika."

Hapakuwa na jenereta, hapakuwa na kwaya, au labda vilikuwepo na sikuvisikia. Riziki aliondoa viganja usoni. Alimshusha mtoto mgongoni, akamwegemeza kwenye magoti yake, mgongo kwa magoti.

"Ee, Koko," aliitika. "Tulifika ku mvua."